Dirisha Lililovimba kwa Punje Tisa

Mke wangu alianza kunichosha kwa maswali siku ya tatu ya ndoa yetu, na sikumbuki siku aliyopumzika tangu hapo. Jina lake ni Razanamasy. Kijijini wanamwita Mama Vola, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Mimi humwita Mama Mbona, lakini ndani ya nyumba tu, maana nje ana ndugu wengi.

Siku hiyo ya tatu aliniuliza mbona mlango wa baba yangu unakwama asubuhi na mchana haukwami. Mimi ni seremala, mtoto wa seremala, mjukuu wa seremala. Nikamjibu kwa uhakika wote kwamba milango ndivyo ilivyo. Mwezi mzima ukapita, nikadhani yameisha. Kisha jioni moja, huku anachambua maharage, akasema, "Ni ukungu, Laimaro. Asubuhi ya ukungu unakwama, asubuhi kavu haukwami. Nimehesabu."

Nilichukia kidogo, sifichi. Nilikuwa nimechonga milango miaka kumi na miwili na sikuwahi kuhesabu asubuhi hata moja.

Yeye ni msukaji wa mikeka. Mikono yake ina rangi ya mafunjo mabichi hadi kwenye viwiko, na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto huwa ana uzi wa rafia uliofungwa mafundo mafundo. Huo ndio kipimo chake, rula yake na kumbukumbu yake. Amepima nao kuku kabla ya kumnunua. Alipokuwa na mimba ya Vola alijipima tumbo kila Jumatatu, akamtajia mkunga siku ya kuzaa. Alipishana nayo kwa siku mbili, na mpaka leo anasema aliyechelewa ni mkunga.

Vipimo vidogo zaidi ya fundo anavipima kwa punje za mchele. Anazipanga ubavu kwa ubavu, anazihesabu, anazirudisha chunguni. Hapotezi kitu.

Sasa niseme habari ya nyumba, maana ndiyo iliyoniletea aibu na ndiyo iliyoniondolea. Kwetu nyumba huanza pamoja na ndoa. Kijana akioa, anajenga kwa mianzi iliyosukwa, na majirani wanaweza kuona moto wa jikoni kupitia ukutani na kusikia mkigombana. Watoto wakija, mianzi inatoka ukuta kwa ukuta, na miti migumu ya msituni inaingia mahali pake. Tunasema nyumba inapata mifupa. Ikishakuwa na mifupa yote, madirisha yakachongwa na kufungwa, mkubwa wa ukoo anakuja kufungua dirisha kubwa kwa mkono wake na kuinyunyizia nyumba maji ya baraka. Kabla ya hapo wewe ni mtu mwenye mke na watoto, lakini kwenye mkutano wa ukoo unakaa karibu na mlango.

Mimi nilikaa karibu na mlango miaka kumi na minne. Haukuwa uvivu. Msitu siku hizi uko mwendo wa siku mbili, na kilichobaki hakiruhusiwi kukatwa. Nilibahatika babu mzaa mama alipofariki na nyumba yake ikagawanywa. Mbao zake ngumu zilikuja zote kwa pamoja, zikanitosha kuta na fremu za madirisha ya nyumba mpya, niliyoisimamisha ubavuni mwa ile yetu ya mianzi. Hazikutosha madirisha yenyewe, kwa sababu dirisha letu ni ubao mmoja mpana, na vile vinundu viwili linavyozungukia, cha juu na cha chini, vinachongwa kutoka ubao uleule. Hakuna msumari wala bawaba. Ubao wenye upana huo sasa unaupata kwenye msonobari tu, ile mizee iliyopandwa enzi za Wafaransa.

Baba yangu, Razafimbelo, aliyechonga nusu ya madirisha ya kijiji hiki, aliuita msonobari mti wa masanduku. "Wadudu watalila dirisha lako kabla mjukuu wangu hajaota meno ya ukubwani," aliniambia. Lakini kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua, na mwaka huo alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Maliza hiyo nyumba, Laimaro. Nataka kuifungua mimi, asije akaifungua mdogo wangu." Mnajimu akatupa siku, Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa saba. Siku ikishatolewa haisogezwi.

Mambo ya wadudu aliyatatua binamu yangu Rabenja, ambaye hufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao mjini Antsirabe. Alishuka na mfuko wa chumvi nyeupe ambayo si ya kula.

"Chemsha maji, mimina, koroga mpaka iyeyuke, tumbukiza mbao siku nne," alisema. "Mdudu hagusi tena."

"Basi?" Mama Vola akauliza.

"Basi, shemeji."

"Ubao ukishakunywa unakuwaje?"

"Unakuwa na dawa."

"Nimeuliza unakuwaje, sijauliza una nini."

Rabenja akanigeukia. "Kaka, huyu unaishi naye vipi?"

"Kwa subira," nikasema, tukacheka sisi wawili.

Yeye hakucheka. Aliokota vipande vinne vya ubao nilivyokata pembeni mwa dirisha kubwa, kila kimoja upana wa kiganja, akaniomba nimchongee kibao chenye pengo ambalo kila kipande kinapita bila kukwaruza. Nilichonga, kwa kuwa kumkatalia kunachukua muda mrefu zaidi. Kipande kimoja akakiweka kwenye maji matupu, cha pili kwenye dawa ya Rabenja, cha tatu kwenye dizeli aliyoiomba kwenye mashine ya kukoboa mpunga, cha nne kwenye maji ya majivu ya jikoni, yale makali ya kufulia. Majirani walipita wakamuuliza ni mchuzi gani anapika. Akawajibu wapite kesho waonje.

Mimi nikafanya kazi yangu kama nilivyofundishwa. Mti mgumu wa msituni, ukichukua kiini chake, haunywi kitu. Kwa hiyo unachonga, unapachika kwenye fremu mpaka unywele usipite, unachonga maua ya ukingoni, na mwisho kabisa ndipo unapaka unachotaka kupaka. Hivyo ndivyo baba alivyofanya na babu alivyofanya. Nilichonga madirisha mawili, kubwa na dogo. Nikayapachika, yakafunga bila sauti. Nikamwita baba, akapitisha ukucha ukingoni, akasema, "Hm." Kwa baba hiyo ni sifa. Kisha nikayatoa, nikayazamisha kwenye hori lenye dawa, nikaweka mawe juu yake, nikaenda kulima mihogo.

Siku ya nne nikayatoa na kuyabeba mpaka kwenye fremu. Dirisha kubwa halikuingia. Nilidhani nimelipindua. Nikaligeuza, halikuingia. Nikajaribu dogo, halikuingia pia. Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe lake hapo nje akiota jua, akanitazama nikihangaika kwa muda wa kutosha kumaliza kiko.

"Msonobari wako umeshiba," akasema.

Mama Vola alikuja mbio kidogo, uzi mkononi na vipande vyake vinne kwenye ungo. Akapima dirisha, akapima fremu, akapanga punje kwenye kizingiti. "Tisa," akasema. "Limevimba kwa punje tisa. Nilikuwa nakuja kukuambia, Baba Vola. Vya kwangu navyo vimegoma kupita."

"Vyote?"

"Cha dizeli kinapita. Kimelowa mpaka ndani, kinanuka, lakini hakikuvimba hata kidogo. Cha maji kimevimba. Cha dawa kimevimba. Cha majivu kimevimba kuliko vyote na kimekuwa cha njano. Na ona hapa." Akaweka uzi kwa urefu wa kipande. "Kwa urefu hakuna kilichoongezeka. Ni upana tu. Hata mafunjo yangu ndivyo yalivyo, nikiyaloweka yananenepa, hayarefuki. Mbona?"

Nilikuwa nimeshika dirisha la siku kumi na mbili za kazi, ambalo halifungi, baba yangu anaangalia, na mke wangu ananiuliza mbona. Nikamwambia aende akaulize mafunjo. Nikachukua randa.

"Usirande," akasema.

"Nitaranda."

"Limevimba kwa maji. Maji yatatoka. Ukiranda sasa utaranda maji."

"Mama Vola, nani seremala hapa?"

Alilikumbatia dirisha kubwa, kweli alilikumbatia kama mtu anayegombea mtoto, akaondoka nalo kwenda kwenye nyumba ya mianzi. Baba akacheka mpaka akakohoa. Nililobaki nalo ni dogo, nikaliranda lile, punje tano pande zote mbili, nikikata nusu ya maua niliyoyachonga mwenyewe. Likaingia vizuri. Nikamwonyesha kila aliyepita.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita.

Dirisha kubwa alilipandisha kwenye uchaga juu ya jiko, pale tunapokaushia mahindi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alilishusha, akalipima upana, kisha akalipima uzito. Mizani yake ilikuwa mti uliofungwa katikati kwa kamba, dirisha upande mmoja na kapu la mawe upande wa pili. Siku sita za mwanzo punje zilikuwa tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa. Mimi nilianza kupata raha. Kila asubuhi nilimuuliza, "Leo ngapi, Mama Mbona?" naye ananijibu "Tisa" bila kuinua macho.

Siku ya sita nikamwambia, "Kubali tu. Limevimba, limekaa hivyo. Niletee randa."

"Mawe yamepungua," akasema.

"Mawe gani?"

"Ya kwenye kapu. Siku ya kwanza nilihitaji mawe kumi na manane kulinyanyua. Leo kumi na matatu. Maji yanatoka, Baba Vola, kila siku yanatoka. Lakini ubao hausinyai. Mbona maji yanatoka na upana haupungui?"

Nikataka kucheka na nikashindwa, kwa sababu sikujua. Nilikaa kwenye kigoda nikayahesabu yale mawe mwenyewe. Kumi na matatu. Hapo nikabaki na swali lake kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, na nakwambia lilinikera usiku na mchana, kwa sababu nilikuwa nimeshika mbao maisha yangu yote.

Alilipata jibu siku ya nane, au angalau jibu lake. Siku hiyo punje zilikuwa nane na nusu. Alikuwa amechana kipande kidogo cha msonobari, akakitazama kwenye jua mpaka akaanza kutokwa na machozi.

"Msonobari una vijumba," akasema. "Vidogo vidogo, mamia, vimepangana kama mianzi kwenye tita. Maji humo ni ya aina mbili. Kuna yaliyojaa ndani ya vijumba, hayo yanatoka kwanza, na nyumba haibadiliki ukimwaga maji ya chungu. Halafu kuna yaliyoingia kwenye kuta. Hayo ndiyo yamenenepesha kuta. Yakianza kutoka hayo, ubao unasinyaa. Sasa yameanza."

"Na dizeli?"

"Dizeli imejaa vyumbani, ukutani haikuingia. Mti haupendi mafuta." Akafikiri. "Sijui kwa nini haupendi. Hilo bado."

Kuanzia hapo lilipungua nusu punje kila siku, bila kukosa. Na kuanzia hapo nilikuwa naamka kabla yake ili nilishushe mimi. Alinikuta asubuhi moja nimepiga magoti napanga punje, akaniletea maji ya ukoko wa wali, kinywaji chetu.

Lakini siku ya kumi na tano ilinivunja moyo. Upepo ulivuma kutoka kusini, na moshi wa jirani ukaanza kuingia kwenye nyumba mpya kupitia dirisha dogo lililokuwa limefungwa. Nilienda kuangalia. Lile dirisha nililomwonyesha kila mpita njia lilikuwa limesinyaa, na ukingoni kulikuwa na ufa ambao kidole cha Vola kilipita. Nilisimama pale nikipitisha kidole na mimi. Dawa niliikwangua na randa, maua niliyakata, na sasa dirisha lilicheza kwenye fremu kama jino la mzee.

Baba alikuja nyuma yangu. Nilingoja aseme la kuniumiza. Akasema tu, "Mimi pia ningeranda." Hilo liliniuma zaidi.

Jioni nilimwambia Mama Vola, "Lile dogo limeharibika."

"Nimeliona juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza nani seremala hapa."

Nilistahili. Nikamwambia kwamba hili kubwa silirandi hata chembe, nitangoja litakavyorudi. Nilidhani atafurahi. Badala yake akashusha ule ungo wake, akachukua kile kibao chenye pengo na vipande vyake. Kwa sababu vilikuwa vidogo, vilikuwa vimekauka kabisa zamani. Kile cha maji matupu kilipita kwenye pengo kama siku ya kwanza. Cha majivu kilikuwa kimesinyaa kupita kiasi na kujikunja, hakifai hata kuwekea sufuria. Kile cha dawa akakisukuma, kikaingia nusu, kikakwama.

"Hakirudi," akasema. "Nimekiweka juani, nimekiweka juu ya moto, hakirudi. Kimebaki kinene kwa unene wa uzi mmoja. Na ni kizito kuliko mwenzake wa maji. Chumvi imekaa kwenye kuta. Maji yameondoka, yenyewe imebaki imeshikilia nafasi."

"Uzi mmoja si kitu."

"Kwa upana wa kiganja. Dirisha lako lina upana wa viganja vitano na nusu. Nimepima. Nyuzi tano na nusu ni punje moja." Akaiweka punje juu ya goti langu. "Hii haitarudi hata ungoje mpaka Vola aolewe. Hii moja uirande. Upande wa vinundu, kusiko na maua, halafu ulipake dawa tena pale ulipokwangua. Nyingine zote ziache zirudi zenyewe."

Mimi nimefunzwa na wazee wawili, na hakuna aliyewahi kuniambia nirande punje moja ya mchele na niache nyingine, kwenye dirisha ambalo bado halifungi, zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Nikikosea hakuna ubao mwingine. Baba hatakuwa na cha kufungua. Nilimwambia hivyo hivyo. "Nikikosea, Baba anakufa tukiwa bado kwenye nyumba ya mianzi."

"Najua," akasema. "Mimi pia naogopa."

Sijui kwa nini hilo ndilo lililonituliza. Niliranda siku iliyofuata, mapitio manne ya randa, maranda membamba, naye ameshika uzi. Aliposema basi, nikaacha.

Hesabu yake ilikuwa sawa. Siku mbili kabla ya Alhamisi tulilipachika na likafunga kwa shida kidogo. Siku moja kabla, likafunga bila sauti. Nililifungua na kulifunga mara thelathini. Mama Vola aliniambia niache, nitalichosha.

Alhamisi asubuhi tuliamka kukiwa na ukungu mzito hadi kwenye majani, na mvua ile nyembamba ya kwetu isiyo na haraka. Ukoo mzima ukajaa ndani ya nyumba mpya, wazee upande wa mashariki, wanawake na watoto wamebanana, makoti yanatoa mvuke. Jiko lilikuwa bado halijawashwa, kwa kuwa dirisha hufunguliwa kwanza. Baba alivaa kofia yake mpya ya majani, akasimama kwa mkongojo, akaweka kiganja cha kulia kwenye ubao na kusukuma.

Halikutikisika.

Akasukuma tena. Mdogo wake akakohoa kwa makusudi. Niliijua sababu, mke wangu aliniambia mwanzoni mwa ndoa yetu, mlango wa baba yangu na ukungu, na wote wawili tulikuwa tumesahau. Tulihesabu maji yanayotoka, hatukuhesabu yanayorudi. Nikachukua nyundo ya mti.

"Weka chini," Baba akasema. "Nyumba haifunguliwi kwa nyundo." Uso wake ulikuwa umechoka ghafla. Akatazama mlango, kama mtu anayepima atafikaje nyumbani.

Mama Vola akapenya katikati ya wazee. Akaugusisha uzi wake ukingoni mwa ubao. "Baba, naomba niwashe moto."

"Dirisha kwanza, ndipo moto," mdogo wake Baba akasema. "Tangu lini?"

"Naomba, Baba. Nusu punje tu. Ni ukungu. Ukikaa kidogo, mimi nikapika, litaachia."

"Na lisipoachia?"

"Lisipoachia mtakuwa mmekula."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Baba alimtazama mkwewe kwa muda, kisha akakaa chini pale pale chini ya dirisha, akaegemea ukuta. "Washa," akasema. "Miguu yangu imechoka, na nina njaa."

Mama Vola akawasha moto wa kwanza wa nyumba yetu, na kwa mara ya kwanza katika kijiji hiki moto ukatangulia dirisha. Akaweka wali, akaweka nyama ya ng'ombe kwenye chungu kikubwa. Nyumba ikapata joto, makoti yakavuliwa, watoto wakalala mapajani. Kila mara macho yangu yalikwenda dirishani na ya mke wangu pia, tukikutana njiani. Wali ukaiva. Nyama ikachelewa, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwa ng'ombe mzee. Tukala. Baba alimaliza sahani yake, akajifuta mkono kwenye kanzu, na bila kuinuka, bila kumwambia mtu, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake na kugusa ubao kwa vidole viwili.

Likafunguka. Halikutoa sauti yoyote. Ukungu ukaingia na mwanga wake mweupe mpaka kwenye sahani.

Wazee walipumua wote kwa pamoja. Baba akainuka, akaegemea kizingiti, akapitisha ukucha ukingoni kote, juu, chini, upande wa maua, mpaka upande wa vinundu. Hapo ukucha ukasimama. Seremala hapitwi na alama ya randa.

"Hapa umekata."

"Punje moja," nikasema. "Ni yeye aliyesema."

"Mbona moja?" Baba akamuuliza mke wangu. Sikuwahi kumsikia baba yangu akitumia neno hilo kwa mtu yeyote.

"Kwa sababu hiyo haikurudi, Baba. Dawa ilipoingia ubao ulivimba punje tisa. Nane zilikuwa za maji, zimerudi, na zitakuja na kwenda kila masika. Moja ni ya chumvi. Imeingia kwenye kuta za mti, imekaa humo. Hata uukaushe vipi, mti haurudi ulivyokuwa."

Kiganja cha Baba kilikuwa bado kwenye msonobari, mti wake wa masanduku.

"Kwa hiyo kilichoingia kimebaki," akasema.

"Kimebaki, Baba."

"Na mti umekuwa mzito zaidi."

"Umekuwa mzito."

"Basi huo ndio mfupa," akasema, akawageukia wazee, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Mmesikia? Nyumba ya mwanangu ina mifupa. Leteni maji."

Akanyunyiza. Maji yalitupata sote, yakalipata na dirisha, nami nikasikia machozi yananijia mbele ya ukoo mzima, mwanamume wa miaka thelathini na tisa. Nikainuka nikasema naenda kuongeza kuni.

"Mbona unatoka, Baba Vola?" mke wangu akauliza. "Kuni ziko hapa."